Hoteli ndogo za majumba ya kale Mji Mkongwe: je, nimpeleke mama mwenye maumivu ya magoti?

MwanaWaKilosa

Ndugu zangu, salaam. Naomba mawazo ya wenyeji wa Unguja na ya yeyote aliyewahi kulala katika zile hoteli ndogo zilizomo ndani ya Mji Mkongwe. Mwezi wa Julai, Mungu akipenda, nitampeleka mama yangu mzazi Zanzibar kwa siku 4. Mama ana miaka 69, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kwa zaidi ya miaka 30 aliwafundisha watoto habari za soko la watumwa la Mkunazini, za Sultani Barghash na za jumba la Beit al-Ajaib, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kuvuka bahari hata siku moja. Ndiyo sababu sitaki kumpeleka hoteli za ufukweni kule Nungwi au Kiwengwa, ambako angeona mchanga na bwawa la kuogelea na kurudi nyumbani. Natamani alale katika jumba la mawe, ausikie mji wenyewe usiku na asubuhi.

Kinachonitia wasiwasi ni magoti yake. Anatembea vizuri mahali tambarare, lakini ngazi humsumbua, hasa wakati wa kushuka. Nimepata hoteli mbili zenye vyumba visivyozidi kumi kila moja, na kila nikipiga simu naambiwa kwamba chumba ni kizuri sana na nisiwe na shaka. Maoni ya wageni waliotangulia nayo yananichanganya. Kwa hoteli hiyo hiyo, mgeni mmoja ameandika kwamba hajawahi kulala mahali pazuri kama pale, na mwingine, aliyelala katika mwezi huo huo, ameandika kwamba chumba kilinuka ukungu na kwamba hakupata usingizi. Inawezekanaje nyumba ikawa ileile na habari zikapishana kiasi hicho? Naomba mnieleze kwa uwazi mambo ambayo mgeni hukutana nayo, ili nijue la kuuliza kabla sijalipa.

BintiHurumzi

Kaka yangu, salaam zimefika, na mama mpe shikamoo yake. Nimefanya kazi miaka 14 katika hoteli mbili za aina hiyo, kwanza nikisafisha vyumba na baadaye nikiwa mapokezi, kwa hivyo suali lako naweza kulijibu kwa niliyoyaona.

Wageni wale wawili wote wamesema kweli, kwa sababu walilala nyumba moja lakini hawakulala ghorofa moja. Majumba haya hayakujengwa yawe hoteli. Mengi ni ya karne ya 19, yalikuwa makaazi ya familia za wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kihindi, na chini ndipo palipokuwa na duka, ghala na mizigo, wakati wenyewe waliishi juu, ambako upepo unapita na mpita njia haoni ndani. Leo mwenye hoteli anapohesabu vyumba vyake, lile ghala nalo limekuwa chumba. Mgeni akipewa chumba cha chini hupata kuta zenye ubaridi wa unyevu, dirisha dogo la nondo linalotazama kichochoro, na harufu ambayo udi wote wa Darajani hauwezi kuiondoa. Akipewa ghorofa ya kwanza katika nyumba hiyo hiyo hupata dari ndefu yenye boriti, madirisha makubwa ya mbao, kitanda cha samadari na hewa inayotembea. Akipewa juu kabisa ataiona bahari, ila mapaa mengi ya zamani yalikuwa bapa, ya chokaa, na baadaye yakaezekwa mabati kwa sababu ya kuvuja, kwa hivyo katika miezi ya kaskazi chumba kilicho chini ya bati huwa na joto kali mchana. Julai ni kusi, hali ya hewa ni ya kupendeza, na hilo halitamsumbua mama.

Sasa nije kwenye ngazi, ambazo nitazisemea kwa urefu kwa sababu wageni wengi wazee niliowapokea walitaabika hapo. Usiulize kama ngazi ni nyingi, kwani utajibiwa kuwa si nyingi. Uliza ni vidato vingapi kutoka mlango wa njiani mpaka mlango wa chumba, na umuombe aliyepokea simu aende akavihesabu. Katika hoteli ya kwanza niliyofanyia kazi kidato cha tatu kilikuwa kirefu kuliko vyote, yapata shibiri moja na nusu, na cha nne kilikuwa kifupi, na hakuna aliyejua fundi wa zamani alikusudia nini. Mguu hushika kipimo cha vidato viwili vya mwanzo, kisha wa tatu unamhadaa mtu. Upande mmoja palikuwa na ukuta mtupu, na upande wa pili kamba nene iliyopitishwa kwenye pete za chuma, ambayo huyumba mtu akiiegemea. Nilikuwa nikiwaambia wazee waishike kamba kwa ajili ya mizani tu, lakini uzito wauweke ukutani kwa kiganja, na wakati wa kushuka mtu atangulie mbele yao, wala asiwafuate nyuma.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni chai ya asubuhi. Hoteli nyingi za aina hii huandaa chai juu ya paa, kwa sababu huko ndiko kwenye upepo na mandhari, na mgeni aliyelala ghorofa ya kwanza hujikuta anapanda ghorofa nyingine mbili kwa ajili ya kikombe cha chai na mkate wa kumimina. Mwambie mwenye hoteli mapema kwamba mama ataletewa sinia chumbani au katika ukumbi wa ghorofa yake. Sisi tulikuwa tukifanya hivyo kwa moyo mweupe, na sidhani kama utakataliwa. Lakini siku moja, ikiwa magoti yameamka vizuri, mpandisheni juu taratibu. Kutoka kwenye paa ataona minara ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, minara ya misikiti, na majahazi bandarini, kwa mtazamo mmoja, na mtu aliyeyafundisha hayo kwa miaka 30 anastahili kuyaona hivyo.

Kuhusu usingizi, mji huu huamka mapema. Popote utakapolala ndani ya Mji Mkongwe msikiti hauko mbali, na adhana ya alfajiri utaisikia vizuri. Baada yake kunguru huanza, kisha mafagio ya vichochoroni, kisha vespa ya kwanza. Nimewaona wageni waliokasirika kwa hayo na wageni walioyarikodi kwa simu ili wakawasikilizishe watoto wao. Madirisha ya mbao yakifungwa barabara chumba huwa kiza na sauti hupungua sana, kwa hivyo mwambie mtumishi amuonyeshe mama jinsi ya kutia komeo, kwani makomeo ya zamani yana namna yake.

Mwisho ni umeme. Nilipoanza kazi ndiyo kwanza kisiwa kilikuwa kimetoka katika ile dhiki ya Desemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme baada ya kuharibika kwa mitambo inayopokea umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara. Hali imebadilika sana tangu laini mpya ilipowekwa mwaka 2013, lakini bado inafaa uulize kama hoteli ina jenereta, na kama ipo, imewekwa wapi. Ikiwa imewekwa katika ua wa ndani, chini ya madirisha ya vyumba, ukelele na moshi wake wote hupanda juu kama katika bomba.

FundiChokaa

Nakubaliana na Bi Hurumzi, nami naongeza upande wa ukuta, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Harufu ya ukungu haimaanishi kwamba hoteli ni chafu. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha nusu mita au zaidi, na kwa asili yake hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa nje kupitia lipu ya chokaa. Tatizo huanza mwenye nyumba anapotaka ukuta ung'ae, akaagiza upigwe lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, na baada ya mvua za masika mbili tatu rangi inavimba na kubanduka. Kwa hiyo mgeni akiona ukuta uliopakwa chokaa nyeupe usio laini sana, unaoacha vumbi jeupe kwenye nguo akiuegemea, asiudharau, kwa sababu huo ndio unaopumua. Wanaolalamika kwamba wamekuta unga mweupe juu ya sanduku lao asubuhi nawaelewa, lakini ningelala katika chumba hicho kuliko katika kile kinachong'aa.

Vyumba vitakuwa vyembamba, na mama asishangae. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazimruhusu fundi kuvuka mita tatu. Ndiyo maana utakuta chumba kirefu kama ukumbi, chenye kitanda mwisho mmoja na viti mwisho wa pili.

Kilichonifanya niandike hasa ni bafu. Zamani hapakuwa na bafu katika kila chumba, na hoteli zimeyaingiza baadaye, katika pembe ya chumba. Kwa kuwa huwezi kutoboa boriti ili upitishe bomba la maji machafu, fundi huliweka bomba juu ya sakafu ya zamani na kuinua sakafu ya bafu. Matokeo yake ni kidato kimoja mlangoni mwa bafu, mara nyingi cha marumaru au vigae vinavyoteleza, na mtu hukikuta saa nane ya usiku akiwa na usingizi. Ngazi kubwa mtu huziona na kuziogopa, lakini hicho kimoja ndicho kinachoangusha watu. Uliza kama kipo, kina urefu gani, na kama kuna mahali pa kushika.

Usitegemee lifti. Tangu mwaka 1985 kuna Mamlaka inayosimamia uhifadhi na uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mji wenyewe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo mabadiliko makubwa ya jengo yanahitaji kibali, na kutoboa sakafu tatu za boriti ili kupitisha lifti si jambo ambalo mimi ningelishauri hata kama kibali kingepatikana.

Na mwandae mama kuhusu Beit al-Ajaib. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiendelea. Lilijengwa mwaka 1883, nami nilikulia kivulini mwake, na siku ile sikuweza kula. Ni bora aijue habari hii akiwa nyumbani kuliko aikute pale.

Mwanamtama

Naomba nitofautiane kidogo na dada yangu Binti Hurumzi, kwa heshima zote, kuhusu ghorofa ya kwanza.

Mwaka 2022 nilimpeleka mama mkwe wangu kutoka Tanga, naye magoti yake ni kama ya mama yako. Tuliagiza chumba cha chini kwa simu na tukakubaliwa. Tulipofika tukaambiwa kwamba chumba kile kimepewa mgeni mwingine, na kwamba tumepandishwa hadhi kwa kupewa kilicho bora, ghorofa ya pili. Hoteli ya vyumba vinane haina chumba cha akiba, hivyo hapakuwa na la kufanya. Chumba kilikuwa kizuri kwelikweli, siwezi kusema vinginevyo. Lakini mkwe wangu alipanda mara moja, akafika akiwa ameshika kifua, na kesho yake hakutaka kushuka. Siku tatu aliiona Zanzibar kupitia dirishani. Alikaa kwenye kiti, amejifunika kanga mabegani, akiwatazama watu wanaopita chini na kuniuliza kila mmoja amebeba nini. Nilikuwa nikimletea urojo kutoka Forodhani ukiwa umepoa.

Kwa hiyo mimi nasema cha kuhesabu ni idadi ya safari kwa siku, kwani vidato 20 mara moja si sawa na vidato 20 mara nne. Na vyumba vya chini si vyote sawa. Kuna nyumba ambazo chumba cha chini hakitazami kichochoro, kinatazama ua wa ndani, wenye mwanga na hewa inayoshuka kutoka juu, na sakafu yake imeinuliwa. Chumba cha namna hiyo ndicho ningekichagua leo. Na ukishakubaliana nao, waandikie wakujibu kwa maandishi, wakitaja chumba chenyewe. Katika hoteli hizi vyumba aghalabu huwa na majina badala ya namba, hivyo dai jina la chumba.

BintiHurumzi

Dada Mwanamtama, pole sana kwa yaliyowapata, na nakubali kwamba hoja yako ya safari kwa siku nimeipita bila kuiona. Chumba cha chini kinachotazama ua wa ndani kinaweza kuwa kizuri, kwa sharti kwamba ua uko wazi juu. Siku hizi baadhi ya nyumba zimeufunika ua kwa bati la plastiki ili mvua isiingie, na hapo hewa husimama na chumba cha chini hurudi kuwa ghala. Kaka aombe apigiwe picha ya ua kutoka chini kuelekea juu. Kama mbingu inaonekana, achukue.

Na kuhusu safari, mchana si lazima mama arudi chumbani. Baraza za mawe zimejengwa mbele ya nyumba kwa ajili ya kukaa, na mtu mzima akikaa barazani kwa watu hapa hafukuzwi, bali huulizwa anatoka wapi na huletewa kahawa. Mpangieni ashuke mara moja asubuhi na apande mara moja jioni.

MwanaWaKilosa

Ndugu zangu, sina namna ya kuwashukuru. Nimepiga simu hoteli zote mbili nikiwa na maswali yenu mkononi, nami nawaletea majibu kwa kuwa huenda yakamfaa mwingine.

Hoteli ya kwanza walikataa kuhesabu vidato, wakasema kwamba wageni wazee wa Kizungu hupanda bila tatizo. Nimewaacha. Katika hoteli ya pili kijana wa mapokezi aliniomba nisubiri, nikamsikia akihesabu kwa sauti huku akipanda. Ni vidato 17 mpaka ghorofa ya kwanza, na baada ya cha tisa pana mahali papana pa kupumzika, ambapo ameahidi kuweka kiti. Chumba cha chini wanacho kimoja, lakini aliniambia mwenyewe bila kuulizwa kwamba ukuta wake una unyevu na kwamba asingemlaza mama yake humo. Kidato cha bafuni kipo. Amesema atabandika utepe mweupe kwenye ukingo wake na kuacha taa ndogo ikiwaka usiku. Jina la chumba nimetumiwa kwa maandishi, pamoja na bei ya wakazi.

Niliyasoma majibu yenu yote kwa sauti mbele ya mama. Habari ya Beit al-Ajaib alikuwa ameisikia redioni siku ile ile ilipotokea, na hakutaka kuniambia. Kuhusu vidato 17 alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ngazi ya shule yake ya mwisho ilikuwa na vidato 22 na aliipanda na madaftari kichwani. Kwa hiyo ghorofa ya kwanza imepita, na safari itakuwa moja kushuka na moja kupanda kama Bi Hurumzi alivyoelekeza. Limebaki swali moja: tukishuka kwenye boti pale bandarini, tunafikaje hotelini? Iko Kiponda, na wanasema gari haliingii.

BintiHurumzi

Kutoka bandarini mpaka Kiponda ni karibu, lakini gari litawafikisha pembeni tu, na kutoka hapo ni miguu katika vichochoro. Huyo kijana ameonyesha kuwa na utu, basi mwambie aje kuwapokea getini kwa jina lenu, ili papasi wasiwazunguke na kuwapeleka kwingine kwa ajili ya kamisheni. Mizigo ipakieni kwenye mkokoteni itangulie, mama asibebe hata mkoba. Mlango wa hoteli bila shaka utakuwa ule mkubwa wa kuchonga, ambao kwa kawaida hufunguliwa ubao mmoja tu, na chini yake pana kizingiti cha mbao kinachofika karibu na nusu ya muundi. Msimamisheni hapo kwanza aushike mlango, ainue mguu mmoja, kisha wa pili.